Namba Moja, Wageuzaji Wawili

Kazi yangu ni kuidanganya mitambo. Kompyuta kongwe ikifa na mwenyewe bado anaitaka programu iliyokuwamo, sisi huichukua ile programu tukaifanya iishi ndani ya kompyuta mpya. Na kwa kuwa ilizoea kuzungumza na vifaa vyake, hubidi tuvibuni upya vifaa hivyo, vya maneno matupu, visivyoshikika, ili isijue kuwa imeshazikwa. Mamangu akiulizwa na majirani binti yake anafanya nini, hujibu kuwa natengeneza kompyuta, na mimi humwachia iwe hivyo.

Kazi ninayoikumbuka zaidi, na ambayo ningependa kuisahau, ilikuwa ya godauni moja la chai kule Mbaraki. Mwenye godauni alikuwa na kompyuta ya kale iliyokuwa ikisoma mizani ya sakafuni. Ikafa, na yeye hakutaka kusikia habari ya programu nyingine, kwa sababu ile aliizoea na makarani wake waliizoea. Tukaitwa sisi wawili, mimi na mume wangu, maana tulikuwa na kikampuni chetu kidogo, chenye wafanyakazi wawili na meza moja, na meza yenyewe ndiyo tuliyokuwa tukilia chakula.

Tuligawana kazi hapo hapo mezani, katika nyumba yetu ya kupanga ghorofani, mtaa wa Tudor. Yeye aandike mizani ya kubuni, ile itakayokaa ndani ya kompyuta mpya na kupokea uzito kutoka sakafuni. Mimi niandike draiva, yaani programu ndogo inayokaa upande wa mtambo wa zamani, ambayo kazi yake ni kuzungumza na hiyo mizani. Kati yetu kilikuwa kipande cha kumbukumbu ya kompyuta. Yeye anaweka namba, mimi naisoma.

Hapo ndipo penye mtego ambao watu wa kazi yetu wote wanaujua. Namba ikiwa kubwa haienei katika kijumba kimoja cha kumbukumbu. Hukatwa vipande, tunaviita baiti, kila kipande kikakaa kijumba chake, na mitambo haikubaliani kipande gani kitangulie. Ile ya zamani ilikuwa ikitanguliza kipande kikubwa. Hizi za sasa hutanguliza kidogo. Mmoja akiandika moja kwa mpango wake, na mwenziwe akaisoma kwa mpango wake, ile moja inasomeka mia mbili hamsini na sita. Hakuna aliyesema uongo hapo, ila mmoja ameanzia mwisho. Dawa yake ni mmoja wao aigeuze namba kabla haijasomwa. Mmoja tu. Wakiigeuza wote wawili inarudi kule kule kwenye makosa, sawasawa na kama hakuna aliyeigusa.

Sasa nieleze tulivyokuwa tukiishi, maana bila ya hilo mtu atadhani nazungumzia kompyuta.

Tulikuwa watu wa heshima, mimi na yeye, heshima ya kupita kiasi. Yeye kwao ni Kwale, mimi kwetu ni Mji wa Kale, na kila upande ulikuwa ukijisifia jinsi ulivyomlea mtoto wake. Sambusa ya mwisho kwenye sahani ilikuwa hailiki. Namwachia yeye, ananiachia mimi, mpaka inapoa na kukauka, na asubuhi namtupia paka. Feni ya chumbani tuliiwasha mwendo wa mwisho kwa mwaka mzima na ushei, tukawa tunalala tumejifunika gubigubi kama wagonjwa wa homa. Mimi nilikuwa nasikia baridi lakini nikidhani ndivyo apendavyo. Siku moja dada yake alikuja kulala, akauliza feni hii ni ya nini, ndipo ikajulikana kuwa yeye naye alikuwa akitetemeka kwa ajili yangu. Tulicheka siku hiyo mpaka tukakaa chini. Feni ikapunguzwa. Hatukujifunza kitu.

Mimba mbili zilinitoka. Ya kwanza mapema, karibu hakuna aliyejua. Ya pili nilikuwa nimeshaanza kufunga leso juu kidogo ili isionekane, na nilikuwa nimeshachagua jina ambalo sikumwambia mtu, hata yeye. Baada ya hapo mamake alikuwa akipiga simu, na yeye akawa anatoka kwenda kuisikilizia kwenye roshani, mlango akiufunga nyuma yake. Mimi jikoni nikawa nauona mgongo wake kupitia kioo. Nikajiambia, huyu anataka mtoto na anaona haya kunambia.

Basi nikamsaidia. Nikiwa nakanda unga wa mahamri, bila kumtazama, nilimwambia aoe mke mwingine amzalie, na kama ataona tabu kunitia katika ukewenza, aniache tu niende kwetu, sitamlaumu. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilijivunia sauti hiyo.

Yeye, kumbe, pale roshani alikuwa akimwomba mamake asiniulize tena habari za mimba, na alitoka nje ili nisisikie nikaumia. Haya niliyajua baadaye sana. Maneno yangu ya jikoni aliyasikia kwa namna moja tu, kuwa nimechoka naye, nimechoka na mamake na masuali yake, na ninatafuta mlango wa kutokea bila kumvunjia heshima. Akanifungulia mlango. Ilikuwa baada ya alasiri, tumekaa sebuleni, chai ipo mezani.

"Sitaki uteseke kwa ajili yangu," akasema. "Nimekupa talaka moja."

Nikasema ahsante. Naapa nilisema ahsante, kama mtu aliyepewa glasi ya maji.

Talaka moja si mwisho, hilo kila mtu anajua. Mke hukaa eda mpaka zipite twahara tatu, yaani mpaka aione damu ya tatu, na muda wote huo bado ni mkewe. Mume akitamka kuwa amemrejea, wamerudiana, pasina mahari wala karamu. Sheria inataka mke akae eda hiyo ndani ya nyumba ya mume, na nadhani Mungu aliyeiweka sheria hiyo alitujua waja wake. Lakini mila yetu ni kuwa mwanamke akiachwa hufunga nguo zake akarudi kwao. Mume wangu alisema nibaki mimi, yeye atakwenda kulala kwa nduguye. Nikasema la, nyumba ni yako. Hakusisitiza, asije akaonekana ananizuia. Akaita tuk-tuk, akabeba sanduku langu mwenyewe mpaka chini, na kompyuta yangu akaizungushia mto wa kitandani ili isigongeke njiani. Ule mto ulikuwa wake. Ulinuka mafuta yake ya nywele kwa muda, halafu ukaacha.

Chumba nilichopewa kwa mamangu ni kile kile nilichokulia, juu, dirisha linatazamana na dirisha la jirani hata anajua unakula nini. Huko nikaweka meza na kuendelea na draiva yangu. Nilikuwa nikingoja. Sitaki kupamba. Kila siku niliamka nikitumaini kuwa leo atakuja, au atapiga simu, aseme lile neno moja ambalo lilikuwa lake kulisema na si langu. Moyo ulikuwa ukiniuma mpaka nikawa nakaa wima kitini kama mwenye jipu.

Mamangu hapendi njia ndefu. Aliniuliza mara moja tu, akichambua mchele.

"Wamtaka, humtaki?"

Nikamjibu kuwa hilo liko juu yake yeye.

"Basi mwambiye kuwa liko juu yake," akasema, akaendelea na mchele wake.

Sikumwambia. Tulikuwa tukiandikiana habari za kazi. Asalam alaykum, nimebadilisha sehemu ya kupokea uzito, tafadhali jaribu kwa upande wako, shukran. Mimi nami, waalaykum salaam, nimejaribu, iko sawa, shukran. Nilikuwa nikiyasoma hayo mashukran yake nikitafuta kitu ndani yake, nikikasirika kwa kutokiona. Mwanamume mzima, mwenye akili zake, anajua kuibuni mizani isiyokuwepo mpaka kompyuta ikaiamini, hawezi kuandika mstari mmoja wa kuuliza u hali gani.

Na kweli kazi ilikuwa iko sawa. Tulijaribu tena na tena na mizani ilisoma sifuri, kwa sababu kule godauni hapakuwa na kitu juu yake, walikuwa bado wanapima kwa mizani ya kukodi. Sifuri ukiigeuza ni sifuri. Ukiigeuza mara mbili ni sifuri. Mizani tupu haimfichui mtu. Kwa hiyo kila mmoja wetu akaamini upande wake na upande wa mwenziwe, mpaka siku karani alipoweka jiwe la kilo moja juu ya ile sakafu ya chuma, na kioo cha kompyuta kikaandika mia mbili hamsini na sita. Mwenye godauni alituma picha na kuuliza kama chai yake imegeuka risasi.

Nilijua mara moja ni ugonjwa gani. Upande wangu niliukagua, nilikuwa nimegeuza, kama mwongozo wa vifaa vya namna ile unavyotaka: mizani iandike kwa mpango wa sasa, draiva ndiyo igeuze. Nikafungua upande wake, jambo ambalo kwa heshima sikuwa nimelifanya tangu tugawane kazi. Na hapo nikaukuta mstari mmoja, umeandikwa kwa unadhifu wake ule ule, unaoigeuza kila namba kabla ya kuiweka, ili mimi niikute imeshakaa kwa mpango wa mtambo wangu. Ni desturi ya zamani ya waandishi wa vifaa hivi, kumfanyia mwenzio kabla hajaomba. Iliachwa kwa sababu ilileta fujo.

Nikampigia simu. Nilikuwa nimekasirika, na hasira ikanipa ujasiri.

"Mbona wageuza huko?"

"Nalidhani utasahau," akasema. Kisha akajisahihisha. "Si kusahau. Sikutaka upate tabu. Una mengi."

"Mimi pia nageuza."

Akacheka. Kilikuwa kile kicheko cha siku ya feni, na mimi nikacheka, na kwa muda mfupi tukawa watu wawili wanaocheka kwenye simu. Kisha adhana ya adhuhuri ikalia msikiti wa jirani, na huko kwake nayo ikalia, tukanyamaza wote kuisikiliza kama inavyopasa. Ilipokwisha tulikuwa tumeshapoa. Akasema tutaonana inshallah, nikasema inshallah. Hatukukubaliana nani auondoe mstari wake.

Nadhani msomaji ameshajua tulichofanya. Mimi niliuondoa wangu, kwa sababu sikutaka aone kuwa namkosoa. Yeye akauondoa wake, kwa sababu mwongozo ulikuwa upande wangu, na kwa sababu ni yeye. Karani akaweka jiwe, kioo kikaandika mia mbili hamsini na sita.

Safari hii ilibidi niende mwenyewe. Na wiki hiyo hiyo, siku chache kabla, eda yangu ilikuwa imekwisha. Niliiona damu ya tatu asubuhi, kwenye choo cha mamangu chenye ndoo ya bluu, nikakaa pale chini nikalia nikiwa nimejiziba mdomo kwa leso. Baada ya mimba kutoka siku zangu zilikuwa hazina mpango, zilikuja mapema kuliko mtu yeyote angehesabu. Mamangu peke yake ndiye aliyejua. Akanipikia uji.

Kule Mbaraki nilimkuta mume wangu, au aliyekuwa mume wangu, kwenye lango la godauni. Alikuwa amekonda. Pembeni, juu ya rundo la mbao za kupangia maboksi, walikaa nduguye na mzee mmoja nisiyemjua, wote wawili na kanzu zilizopigwa pasi na kofia, katikati ya vumbi la malori. Nikadhani wanapitia mazikoni. Nilimsalimu nduguye kwa mbali, akainua mkono kifuani.

Ndani tulisimama mbele ya kioo, pamekaa jiwe, pameandikwa upuuzi ule ule.

"Nimeuondoa wangu," akasema.

"Na mimi wangu."

Karani akatazama pembeni ili asicheke. Mwenzangu akanambia nichague mimi nani ageuze. Nikamwambia la, achague yeye. Akasema vyovyote nionavyo mimi. Mwenye godauni alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai yake mwenyewe, akatuambia kwa upole kuwa mmoja wetu aseme tu, maana yeye ana lori nje.

Nikasema mimi. Nitageuza mimi, na yeye asiguse kitu. Niliandika mstari wangu upya pale pale, nimesimama, nikauanzisha mtambo tena, karani akaliondoa jiwe na kuliweka. Moja. Akaongeza jiwe la mbili. Tatu. Kisha akapanda yeye mwenyewe na kila mtu akaujua uzito wake, ambao haukuwa mdogo.

Tulitoka uani sisi wawili. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyesema jambo likawa. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya majani ya chai na ya bandari. Akasimama karibu nami, si karibu sana, akafuta mikono yake kwa kitambaa japo haikuwa na kitu.

"Eda ingaliko?" akauliza.

"Imekwisha."

Alitazama upande wa lango.

"Basi ndivyo ulivyopenda," akasema.

Hakuwa akiuliza. Angeuliza, labda ningejibu. Alikuwa akiniruhusu, ananifungulia mlango mwingine tena, na mimi nilipandwa na hasira kwa jinsi alivyoweza kuiacha eda yote ipite na sasa akasema nilipenda. Na chini ya hasira hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu, aseme tuoane upya. Inawezekana, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mahari mapya, walii, mashahidi wawili, na mambo yamekwisha kabla ya adhuhuri. Ilitakiwa mmoja wetu aseme. Lakini nilimwona alivyokonda, nikamkumbuka mgongo wake pale roshani, nikadhani anataka kwenda zake na anaona haya.

"Mungu akupe mke mwema," nikamwambia.

"Amin," akasema. "Na wewe akupe mume mwema."

"Amin."

Akaenda langoni. Wale wawili waliinuka wakakung'uta kanzu zao, wakatoka naye.

Mamake alimtafutia mchumba kwao Kwale, na akaoa. Nilisikia kuwa harusi ilikuwa ya watu wachache. Kikampuni chetu tukakivunja kwa maelewano mazuri kabisa, kila mmoja akimwachia mwenziwe meza, na meza ikaishia kwa mlinzi wa jengo. Ile mizani ya Mbaraki inafanya kazi mpaka leo na sijawahi kuitwa tena.

Nduguye nilikutana naye Mwembe Tayari, mwaka huu, nilipokwenda kumsindikiza shangazi anayesafiri bara. Alikuwa akingoja mzigo kutoka kwenye basi. Aliniita shemeji, akaona haya, kisha akaniita tena shemeji. Tukaulizana hali. Nikamuuliza, kwa kutafuta la kusema, siku ile ya Mbaraki walikuwa wakienda kumzika nani.

Alinitazama kwa mshangao.

"Tulikuwa mashahidi, shemeji. Alikuwa aje akurejee. Kanzu zetu alizipiga pasi mwenyewe. Akasema tungoje nje mpaka mizani isome sawa, usije ukadhani akurejea kwa ajili ya kazi."

Mzigo wake ukashushwa akaenda kuupokea. Nilimwambia amsalimie, yeye na mkewe, na watoto, maana anao wawili. Shangazi alikuwa ananiita dirishani nimpe chupa yake ya maji na mimi nilikuwa nimeishika tu mkononi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mamangu alikuwa amekaa barazani ndani ya ukumbi anasuka ukili wa mkeka. Akauliza mbona macho yangu mekundu, nikasema vumbi, kisha nikakaa chini karibu na miguu yake na kwa mara ya kwanza nikalitoa.

"Mama, nalimtaka."

Hakuacha kusuka.

"Sote twajua, mwanangu," akasema. "Ni yeye tu asiyejua."